Moyo ulitulia, damu ikaendelea kuganda

Ilikuwa Jumapili jioni, mwezi wa kumi. Mwalimu alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, kikombe cha chai ya rangi mkononi, akimsubiri mkewe apakue mbalaga. Kikombe kikamponyoka. Mkewe alidhani kimemuunguza, akainama kuokota, na alipoinua uso akaona mdomo wa mumewe umevutwa upande mmoja. Akamuuliza, "Mwalimu, una nini?" Sauti ikatoka, lakini maneno hayakutoka. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu.

Baada ya dakika kama 20 kila kitu kikarudi: mkono, mdomo, maneno. Akaletewa chai nyingine, akala, akalala. Wakakubaliana kwamba ni uchovu, maana Jumamosi alikuwa ameshinda shambani akipandishia viazi udongo.

Mimi nilipata habari hizo siku ya nne, Alhamisi, binti yake aliponipigia kuuliza kama kuna "vitamini ya mishipa" ya kumpa baba. Nilimwambia asinunue chochote, wapande gari waje hospitali leo hii. Dakika 20 za mkono uliolegea na maneno yaliyokwama ni kiharusi. Kimekuja na kupita, lakini ni kiharusi, na siku chache zinazofuata ndizo hatari kuliko zote, kwa sababu kile kikubwa mara nyingi hakikai mbali. Siku nne zilikuwa zimeshapotea.

Mimi ni mfamasia, nafanya kazi Mbeya mjini. Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi, ana miaka 68, anaishi Rungwe, na nilikuwa nampa dawa tangu mwezi wa tatu mwaka ule. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na yeye ameridhia niandike. Naandika kwa sababu sehemu ya kosa katika kisa hiki ni yangu, na kwa sababu wagonjwa wa aina yake ninaowaona dirishani ni wengi.

Mwezi wa tatu alikuja hospitali akilalamika kwamba moyo "unaruka". Alikuwa na presha ya miaka 14 hivi, akitumia amlodipini na dawa ya kukojoza, haidroklorothayazidi. Mganga aliyemshika mkono alijua kabla hata ya kipimo. Ukiweka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, mapigo ya mtu mzima wa afya hutembea kama saa ya ukutani. Ya Mwalimu yalikuwa kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati: moja, mawili ya haraka, kimya, moja, matatu, kimya tena. Hakuna mpangilio wowote wa kushika. Kipimo cha umeme wa moyo kikathibitisha mpapatiko wa atria, yaani wa vyumba vya juu vya moyo, ambao hospitalini tunauita AF kwa kifupi. Kipimo cha picha ya moyo kikaonyesha chumba cha juu cha kushoto kimetanuka, kazi ya presha ya miaka mingi, ila vali zake zilikuwa nzima. Tezi ya shingo nayo ikapimwa, ikaonekana haina shida. Jambo hili huku kwetu halirukwi: Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu kabla ya chumvi kuwekwa madini joto, na bado wapo wazee wenye rovu la siku nyingi ambalo likianza kumwaga homoni kupita kiasi huusukuma moyo kwenye mpapatiko huuhuu.

Nieleze kinachotokea ndani, kwa sababu kisa chote kinasimama hapo. Vyumba viwili vya juu vya moyo hupokea umeme kutoka sehemu moja na kubana kwa pamoja, vikisukuma damu kwenda chini. Kwenye AF umeme unazuka huku na huko, mara 350 hadi 600 kwa dakika, na vyumba vinabaki kutetemeka bila kubana. Vyumba vya chini vinajitahidi kufuata, ndiyo maana mgonjwa anasikia mbio na kuruka. Lakini jambo kubwa zaidi ni lile asilolisikia. Kwenye chumba cha juu cha kushoto kuna kifuko chembamba, mfano wa kidole cha glavu. Chumba kisipobana, damu hutuama ndani ya kidole hicho, na damu iliyotuama huganda. Siku bonge likichomoka, njia yake ni fupi: chumba cha chini, mshipa mkuu, kichwani. Mtu mwenye AF hatari yake ya kiharusi ni karibu mara tano ya mtu wa umri wake asiye nayo.

Kwa hiyo kazi za kufanya ni mbili, na dawa zake ni mbali mbali. Ya kwanza ni kuutuliza moyo usikimbie. Ya pili ni kuzuia bonge. Mgonjwa anaisikia ile ya kwanza kila siku, na hii ya pili haisikii kamwe. Mwalimu alipewa bisoprololi kwa kazi ya kwanza na warfarini kwa ya pili, akaja dirishani kwangu.

Pale ndipo nilipokosea. Nilimweleza saa ya kumeza, nikampa tarehe ya kipimo cha INR, kile kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kisha nikamwambia maneno niliyokuwa nimewaambia wagonjwa wengi kabla yake: "Na mboga za majani, Mwalimu, uache kabisa."

Niliyasema haraka, foleni ilikuwa ndefu. Sikufikiria namwambia nani. Namwambia mtu wa Rungwe, ambako mvua hainyimi, ambako nyuma ya kila nyumba kuna mnafu, majani ya maboga, figiri na Chinese, aache chakula kinachoshusha ugali. Mkewe alianza kupika sufuria mbili. Mwalimu akala maharage asubuhi na jioni kwa miezi mitano, akiangalia wajukuu wakila majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Alinisimulia baadaye bila hasira, na maneno yake nayakumbuka: "Mwanangu, niliona kama nimeugua mara mbili."

Mwezi wa nane alikuja mtu kijijini akiuza makopo ya unga wa "madini ya moyo". Kibandiko kilisema magnesiamu na potasiamu. Mwalimu alinunua, akawa anakoroga kijiko kwenye maji kila asubuhi. Ndani ya wiki mbili moyo ukaacha kuruka. Akalala usiku mzima. Akapanda kilima cha kwenda shambani bila kusimama. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa akaacha warfarini, akabaki na kopo na dawa za presha. Hakumwambia mtu. Tarehe yangu ya INR ikapita, nami sikupiga simu.

Nilipomuuliza kwa nini aliacha, hakuwa na sababu moja. Mkono ulivia damu alipobeba mkungu wa ndizi. Nauli ya kwenda mjini na kurudi, kilomita 70 hivi kila upande, kwa ajili ya kutolewa damu kidogo tu. Jirani alimwambia anakula sumu ya panya. Mboga. Lakini lililokata shauri ni kopo: dawa yangu alikuwa anaimeza bila kuhisi chochote isipokuwa kero, na unga wa yule muuzaji aliuhisi ukifanya kazi.

Na ulikuwa unafanya kazi kweli. Hapa nataka wenzangu wa hospitali wanisikilize vizuri, kwa sababu tabia yetu ni kumcheka mgonjwa aliyenunua kopo. Nilipofungua faili lake nikakuta kwamba mwezi wa tatu potasiamu yake ilikuwa 3.1. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Jibu lilibandikwa kwenye faili, hakuna aliyelifanyia kazi. Magnesiamu haikupimwa kabisa. Ile dawa ya kukojoza aliyoitumia miaka yote inatoa chumvi na maji, na pamoja navyo inatoa potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo. Chembe za moyo zinatumia madini hayo hayo kupokea umeme na kupumzika baada ya kila pigo, na yakipungua zinakuwa na hasira, zinaruka kwa kichocheo kidogo. Tena viwili hivi vinakwenda pamoja: magnesiamu ikiwa chini, figo zinashindwa kuzuia potasiamu isitoke, na unaweza kumlisha mtu ndizi shamba zima bila potasiamu kupanda. Mwalimu alikuwa na upungufu, mtu akampa alichopungukiwa, moyo ukatulia. Muuzaji alitibu bila kujua kitu ambacho sisi tulikiona kwenye karatasi tukakiacha.

Kosa liko mahali pengine. Siku ya Alhamisi ile walipompima tena, potasiamu ilikuwa 3.9, nzuri kabisa. Mapigo 78 kwa dakika. Lakini kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mpapatiko uleule. Moyo ulikuwa umepunguza mbio, haujaacha kutetemeka. Na INR ilikuwa 1.1, damu ya mtu asiyemeza warfarini kabisa. Picha ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja wala sehemu iliyokufa. Alikuwa na bahati.

Kutulia kwa moyo hakuzuii bonge. Hata kama mpapatiko ungekwisha wenyewe kwa wiki kadhaa, kinachoamua kama mtu ahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda ni mzigo wa hatari alioubeba: umri, presha, kisukari, moyo kushindwa kazi, kiharusi cha zamani, mishipa iliyoharibika. Kila hatari tunaipa alama, kisha tunajumlisha: Mwalimu alikuwa na alama 1 ya umri wa kati ya miaka 65 na 74, na 1 ya presha. Kikombe kilipoanguka akaongeza 2 nyingine. Alama 4. Magnesiamu haifuti hata moja kati ya hizo. Warfarini ikitumika vizuri inapunguza kiharusi kwa karibu theluthi mbili. Aspirini, ambayo wazee wengi hupewa na majirani "ili damu iwe nyepesi", inapunguza kwa kama sehemu moja ya tano tu, na bado inavujisha tumbo.

Kuna jambo la pili kuhusu kopo, na hili lilinitisha zaidi. Daktari aliiondoa ile dawa ya kukojoza na kumwekea losartani. Uamuzi mzuri, maana losartani inashusha presha bila kumwaga potasiamu. Lakini inaizuia potasiamu isitoke. Kopo lilelile lililomsaidia mwezi wa nane, akiendelea nalo juu ya losartani, lingeweza kuipandisha potasiamu hadi moyo usimame, hasa figo za mtu wa miaka 68 zikilegea kidogo kwa homa au kuharisha. Nilimwomba aniletee. Akalitoa kwenye mfuko wa koti, nikasoma naye kibandiko mstari kwa mstari, na yeye mwenyewe akalisukuma upande wangu wa meza.

Anachohitaji sasa kinapatikana sokoni. Parachichi lina kama miligramu 485 za potasiamu kwa gramu 100, ndizi mbivu kama 360, kiazi mviringo kilichochemshwa na ganda lake kama 380. Kiazi kikimenywa na maji yakamwagwa, sehemu ya potasiamu inakwenda na maji. Magnesiamu iko kwenye maharage, karanga, na hasa mbegu za maboga, ambazo nyumba nyingi huzianika na kuzikaanga kidogo. Ugali wa dona unayo, wa sembe sehemu kubwa ilishaondoka na pumba mashineni. Mtu mwenye figo nzima anayekula hivi hana haja ya unga wa kopo. Mwenye potasiamu ndogo kwenye kipimo apewe madini kwa kipimo, na apimwe tena. Tena kuyajaza juu ya kiwango cha kawaida hakuna faida: utafiti uliotoka mwaka 2024, wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo Uingereza na Ujerumani, ulilinganisha walioongezewa potasiamu ili isishuke chini ya 4.5 na walioachwa hadi ishuke chini ya 3.6. Mpapatiko uliwapata wote kwa kiasi kilekile.

Sumu ya panya ilihitaji mazungumzo ya peke yake. Sikumficha, nilimwambia ni kweli. Miaka ya 1920 huko Marekani Kaskazini ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu baada ya kula malisho yaliyovunda. Karl Paul Link wa Wisconsin na wenzake wakakipata kitu kilichosababisha, wakatengeneza ndugu zake, na mmoja wao, warfarini, ukaanza kuuzwa mwaka 1948 kuua panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Panya anakufa kwa sababu anakula bila kipimo na hakuna anayempima damu. Mwalimu alicheka, akasema, "Kwa hiyo INR ndiyo tofauti yangu na panya." Nikamwambia ndiyo, hasa.

Basi tukairudia INR kama darasa. Ini linatengeneza vitu vya kugandisha damu kwa kutumia vitamini K. Warfarini inaizuia vitamini K isitumike tena na tena, kwa hiyo damu inachukua muda mrefu zaidi kuganda. INR ya 1 ni damu ya kawaida. Tunataka ikae kati ya 2 na 3. Chini ya 2, kifuko kile cha moyo kinaanza kugandisha. Ikipita 4 na kuendelea, hatari ya kuvuja inapanda haraka. Na dawa haifanyi kazi leo kwa leo: unaisubiri kama siku 5, na ukiacha inaondoka hivyohivyo, polepole, kimyakimya.

Vitamini K iko kwenye majani. Gramu 100 za spinachi iliyopikwa zina kama mikrogramu 490, mara nne au zaidi ya mahitaji ya siku. Kabichi iliyochemshwa ina kama 110. Parachichi kama 20, ndizi na viazi karibu hamna. Kutokana na hesabu hizo watu kama mimi tulirukia kusema "acha majani". Lakini asiyekula majani kabisa ana akiba ndogo ya vitamini K, na akiba ikiwa ndogo, siku ya kwanza atakapokula sahani moja ya mnafu msibani INR inaporomoka, na wiki atakayoumwa asile chochote inaruka juu. Anayekula kiasi kilekile kila siku INR yake inatulia. Kinachovuruga ni kubadilika. Kwa hiyo nilimwomba radhi Mwalimu mbele ya mkewe, na nikamuuliza mama swali ambalo nilipaswa kuuliza mwezi wa tatu: kwa kawaida nyumbani kwenu mnakula majani mara ngapi, na kiasi gani? Akaonyesha kwa kiganja: upawa mmoja, kila jioni. Nikaandika kwenye faili: upawa mmoja kila jioni. Dozi ikapangwa juu ya upawa huo, miligramu 5 kila siku, na wiki ya tatu INR ikawa 2.2.

Kama ni kubaki na jambo moja tu kutoka kisa hiki, ningechagua kile kiganja cha mama. Dozi ifuate sahani. Tukitaka sahani ifuate dozi, mgonjwa atatuvumilia miezi mitano kisha ataondoka.

Wapo watakaouliza kwa nini asipewe dawa mpya, rivaroksabani, apiksabani au dabigatrani, zisizohitaji INR wala kujali mboga. Ni dawa nzuri, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Mwalimu angefaa, vali zake ni nzima. Daktari aliliweka suala mezani, watoto watatu wakakaa kikao, wakapiga hesabu ya kila mwezi kwa miaka, wakaona kuna miezi watakwama. Na dawa hizi nguvu yake haifiki mbali: ukikosa siku moja au mbili hauna kinga tena. Mwezi mmoja bila hela ungekuwa mwezi wa bonge. Wakachagua warfarini kwa macho wazi, wakagawana nauli ya INR. Naona waliamua vizuri.

Lakini tahadhari moja kwa wasomaji wa huku, ambako akina mama wengi wenye AF bado ni vijana na chanzo chake ni homa ya baridi yabisi ya utotoni iliyoharibu vali. Kwa hao mambo ni tofauti. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa, watu zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye AF na vali zilizoharibiwa na ugonjwa huo. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walifanya vizuri kuliko waliotumia rivaroksabani, na vifo vilikuwa vichache. Mwenye vali ya kushoto iliyobanwa, au vali ya chuma, asibadilishiwe dawa kwa sababu tu kuna mpya dukani.

Yaliyobaki yalikuwa ya kila siku, na mengine hayakuhitaji maneno mengi. Pombe hagusi, ni mzee wa kanisa. Kwa wanaogusa, iwe kimpumu, ulanzi au bia, utafiti wa Australia wa mwaka 2020 uliwachukua wanywaji wenye AF, nusu wakaacha: mpapatiko uliwarudia asilimia 53 ya walioacha na asilimia 73 ya walioendelea. Chumvi aliipunguza. Anakoroma, na mkewe anasema kuna wakati pumzi inakatika, kwa hiyo amepewa rufaa ya kuchunguzwa usingizi, kwa sababu kukosa hewa usingizini kunauchochea mpapatiko na kupandisha presha. Bado hajaenda.

Hatari kubwa iliyobaki ni duka la dawa lililo jirani. Flagyl, ambayo huku mtu akiumwa tumbo tu ananunua, inaweza kuiinua INR kwa siku chache hadi damu ivuje. Septrin vilevile, na flukonazoli ya fangasi. Diklofenaki na ibuprofeni za mgongo zinachubua tumbo wakati damu haiwezi kuganda vizuri. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaifuta warfarini mwilini. Nilimwandikia kadi ya kukaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho: "Natumia warfarini. Usinipe dawa bila kunipigia", na namba ya dirisha letu. Nikamtajia dalili za kuja mbio: kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kuanguka na kugonga kichwa hata kama haumwi. Mkewe nikamfundisha zile nyingine: mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno yamekwama. Hata vikipita.

Kisha Mwalimu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alinunua daftari kubwa la mistari, akachora rejista ya mahudhurio kama aliyoijaza darasani miaka 30 na zaidi. Mstari wa warfarini, wa bisoprololi, wa losartani, wa majani ya jioni. Safu ya siku. Alama ya vyema kwa aliyehudhuria, sifuri kwa mtoro. Chini kabisa mstari wa mapigo: kila asubuhi kabla ya chai anashika kifundo cha mkono mbele ya saa ya ukutani na kuhesabu dakika nzima, si robo dakika mara nne, kwa sababu nilimwambia mapigo yasiyo na mpangilio hayahesabiki kwa mkato.

Rejista hiyo ndiyo iliyotusaidia mwezi wa kwanza. INR ilishuka ghafla hadi 1.6. Nilianza kumtilia shaka kwamba ameacha tena, na naona aibu kusema hivyo. Alifungua daftari. Warfarini, vyema 31. Lakini kwenye mstari wa majani, kuanzia Krismasi, kila siku palikuwa na vyema mbili, na siku nyingine tatu. Mvua zilikuwa zimeshika, maboga yametambaa hadi mlangoni, mahindi ya zamani yamepungua ghalani, na majani yakawa chakula cha mchana na cha jioni. Nilimuuliza kama itaendelea hivyo. "Mpaka mwezi wa nne," akasema, "baada ya hapo maboga yanakauka." Daktari hakumwambia apunguze. Alimwongezea nusu kidonge siku moja ya wiki, kutoka miligramu 35 hadi 37.5 kwa wiki, na tarehe ya kurudisha ikaandikwa mwezi wa tano. Wiki mbili baadaye INR ilikuwa 2.1.

Nimeanza kuuliza kila mgonjwa wa warfarini kuhusu msimu. Wa Uporoto ana kabichi mwaka mzima. Wa bonde la Usangu kiangazi hana kitu kibichi. Sikuwahi kufikiri kwamba kalenda ya mvua ni sehemu ya kazi ya mfamasia.

Mara ya mwisho tulionana mwezi wa sita, baridi kali, amejifunga skafu ya mkewe. Nilimwamkia, akaitikia kwa Kinyakyusa kama anavyopenda, akaweka daftari kaunta. INR 2.4. Potasiamu 4.3. Mpapatiko upo palepale. Nikapitia kurasa. Kwenye tarehe 11 ya mwezi uliopita kisanduku cha warfarini kilikuwa kitupu, na pembeni kwa mwandiko wa ubao kaandika: "Msibani Kyela. Nimemeza saa 5 usiku, kwenye basi." Kisha akaweka vyema yake, ndogo, nje ya mstari.